Utafiti kwa mwanafunzi wa sekondari Dodoma: Young Scientists Tanzania, programu ya kulipia mtandaoni, au mtaalamu wa jirani?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Ipagala alinisubiri nje ya geti la shule, simu mkononi, miwani kichwani. "Mwalimu, pole na kazi. Hebu nisomee hiki kitu, mimi macho yangu yanaishia kwenye bei." Lilikuwa tangazo la programu ya utafiti kwa wanafunzi wa sekondari. Mtoto anapewa mtaalamu wa chuo kikuu cha nje, wanakutana mtandaoni kwa wiki kadhaa, na mwisho anaandika makala ya kisayansi. Mwanawe yuko kidato cha tatu na sayansi anaipenda kweli. Ada ilikuwa kwa dola. "Kwa hela hii nanyanyua boma zima," akasema. "Lakini kama itamfikisha mbali, niambie."

Sikumjibu pale pale. Nafundisha kemia na baiolojia. Nimesimamia miradi ya wanafunzi kwa njia mbili kati ya tatu ninazozilinganisha hapa, na ya tatu nimeiona kwa mpwa wangu aliyeipitia. Kwa hiyo nina upande, na nausema mapema ili usije ukadhani napima kwa mizani ya duka la dawa. Mimi huiuliza kila programu swali moja: siku jaribio linapogoma, nani atakuwa pale, na atauliza nini?

Tuanze na kila njia ni kitu gani.

Young Scientists Tanzania, au YST, ilianzishwa 2011 kwa kufuata mfano wa maonesho ya wanasayansi wanafunzi ya Ireland, ambayo yako tangu miaka ya 1960. Kwa kawaida ni wanafunzi wawili na mwalimu wao. Wanaleta swali lao wenyewe na kuandika andiko la wazo. Wakipita, wanafanya utafiti kisha wanakwenda kuuonesha kitaifa Dar es Salaam, wamesimama mbele ya bango lao na majaji wanawahoji. Si sayansi ya maabara tu. Masuala ya jamii na tabia yana kundi lake. Waliofanya vizuri zaidi wamepata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation, na washindi wa jumla wamepelekwa Ireland kuona wenzao. Nafasi hainunuliwi.

Programu za kulipia mtandaoni ni nyingi: Polygence, Lumiere, Pioneer Academics na ndugu zao. Hapa mlezi ni mtafiti kweli, mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu au mhadhiri, na mtoto anakaa naye ana kwa ana kwenye skrini au katika kikundi kidogo. Usizichanganye na programu ya RSI (Research Science Institute), iliyoanza 1984 na sasa hufanyika chuo cha MIT kule Marekani. Ile ni ya wiki sita, mtoto halipii masomo wala malazi, na wanaochukuliwa ni wachache mno. Ukiona tangazo linataja vyuo vikubwa kumi kwenye mstari mmoja na chini yake kuna kitufe cha kulipa, hiyo siyo RSI.

Njia ya tatu haina jina wala fomu. Ni kubisha hodi. Watu wengi wa hapa mjini hawajui wamezungukwa na nini. Makutupora kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na zabibu. Hombolo kuna kingine cha mtama na uwele. Mpwapwa kuna TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo: ng'ombe na malisho. Taasisi ya Jiolojia makao yake makuu yapo hapa hapa mjini. UDOM ipo tangu 2007 na vitivo vya sayansi, afya na kompyuta. Mtoto wa Veyula anapita karibu na watafiti wa mizabibu kila akipelekwa shamba, na hajawahi kumsemesha hata mmoja.

Siku jaribio linapogoma

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa na cheti vinapoacha kuwa na maana.

Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka. Watu 68 waliugua, 20 wakafariki, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyoshukiwa kisha yakathibitika. Chemba, Kondoa na Kiteto ndiko kulikoumia. Mabinti wawili wa shule yetu, mmoja kwao wanauza mahindi Kibaigwa, walitaka kujua jambo dogo tu: mahindi yaliyoanikwa ardhini, juu ya turubai na juu ya kichanja, yapi yanakauka mapema? Kipima unyevu hatuna. Tukatumia njia ya chumvi, ambayo mabwana shamba wanaifahamu. Unachukua chupa kavu, unajaza mahindi theluthi moja, unaweka vijiko viwili vitatu vya chumvi, unatikisa kwa dakika moja, unaacha ikae robo saa. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayafai kuwekwa ghalani. Isiponata, angalau uko chini ya hapo, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu inatakiwa kushuka hadi kama 13.

Siku ya kwanza, chumvi ikanata kwenye chupa zote. Siku ya tatu, zote. Siku ya saba ya jua la Dodoma la mwezi wa saba, mahindi yanalia kwenye meno kama kokoto, na chumvi bado imeganda kwenye chupa kama ukungu kwenye kioo cha basi la asubuhi. Yule wa Kibaigwa akanivuta pembeni: "Madam, si tuandike tu kwamba ya kichanja hayakunata?"

Nilimpigia mtaalamu mmoja wa kituo cha utafiti tuliyekuwa tumeandikiana naye barua. Hakutoa hotuba. Aliuliza: "Chumvi mmeitoa wapi?" Jikoni, kwenye gunia lililo wazi, pembeni ya sufuria la uji linalotoa mvuke tangu alfajiri. Akasema: "Chukueni chupa tupu, wekeni chumvi peke yake bila mahindi, tikiseni." Ikanata. Wakaikausha juani, wakaifunga kwenye kopo, wakaanza upya, na tangu hapo kila wakipima wanakuwa na chupa moja isiyo na punje hata moja, ya kulinganishia. Nimefundisha maana ya jaribio la kulinganishia kwa miaka kadhaa ubaoni. Sijawahi kuliona likieleweka kama siku ile.

Simu ile ilikuwa ya dakika nne.

Sasa linganisha. Kwa YST, mlezi wa kila siku ni mwalimu wa shule. Programu ina watu wanaopita mashuleni na wanafundisha walimu namna ya kusimamia utafiti, na hilo ni jema sana, lakini Jumanne saa tisa alasiri chumvi inaponata, mwenye kujibu ni mimi. Kama mimi nina vipindi 28 kwa wiki na zamu juu yake, mtoto atasubiri. Kwa hiyo unapofikiria YST, usiulize tu programu ikoje. Muulize mtoto: mwalimu gani kwenu anakubali kubaki baada ya kengele?

Kwa mlezi wa mtandaoni, ungesubiri kikao cha Alhamisi, na mlezi hajawahi kuona mahindi yakianikwa chini. Angeshauri oveni ya maabara au kipima unyevu cha kuagiza. Ushauri sahihi kabisa, ila kwa jiko la mtu mwingine.

Lakini nisiwaonee. Mpwa wangu wa Kondoa alifanya ya mtandaoni, akiwa amepunguziwa ada kwa nusu, na swali lake lilikuwa la picha za setilaiti. Wanaoijua Kondoa wanajua makorongo yake na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, hadi mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa 1972, na picha zake sasa ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo karibu historia nzima ya kuondolewa ng'ombe wale imepigwa picha kutoka juu, na inasubiri mtoto mwenye kompyuta. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna mtu shuleni kwetu angemsaidia, mimi nikiwa wa kwanza. Mlezi wake alimfundisha kupanga data na kuandika programu ndogo ya kupima ukijani. Tena alisoma rasimu yake mstari kwa mstari, kitu ambacho mimi na madaftari yangu 160 sijawahi kumfanyia mwanafunzi yeyote.

Ilipogoma, iligoma hivi: picha ya mwanzoni mwa 1998 ilikuwa ya kijani kupita zote, na mtoto pamoja na mlezi wake wakaanza kusema miti imerudi. Jioni akamwonesha babu yake. Mzee akaitazama, akarudisha simu: "Hiyo ni mvua ya El Nino, mwanangu. Mwaka ule hata paa la nyumba liliota majani." Mlezi aliposikia hakubisha, alimrudisha mtoto kwenye takwimu za mvua, akamwambia alinganishe picha za mwezi ule ule wa kiangazi kwa miaka mingi. Kazi ikapona. Lakini ona ilivyopona: nusu kwa mlezi wake Boston, Marekani, nusu kwa babu.

Pesa

Fupi. YST: nauli ndogo ndogo na vifaa; mradi wa chumvi ulitumia chini ya shilingi 40,000, zaidi ya nusu ikiwa nauli. Mtaalamu wa jirani: hivyo hivyo, na vocha. Programu ya kulipia: mara nyingi ni maelfu ya dola, ingawa nyingi zina msaada wa ada, na mzazi asione haya kuuomba kabla ya kulipa hata senti. Ongeza bando. Kama bila msaada itabidi uuze kitu, mimi nasema usiuze.

Saa na msimu

Saa kumi jioni ya Boston ni saa tano usiku hapa kwetu, na wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa sita. Mtoto wa bweni haruhusiwi simu, basi hapo mjadala umekwisha, isipokuwa shule ikubali kumfungulia chumba cha kompyuta usiku. Sijaona mlinzi anayekubali.

Msimu ndio unaosahaulika zaidi. Dodoma ina mvua moja, Desemba hadi Aprili hivi. Swali la shamba ukilipata mwezi wa tano umeshachelewa mwaka mzima. Cha kupima kinachobaki ni kuanika, kuhifadhi, maji, wadudu wa ghalani. Programu ya mtandaoni ya wiki kumi inayoanza Septemba itamkuta mtoto na ardhi kavu. Afanye ya kompyuta.

Na kidato. Cha pili na cha nne kuna mitihani ya taifa mwezi wa kumi na moja. Mkuu wa shule hatakuruhusu kucheza na chupa, na ana haki. Kidato cha tatu ndicho chenyewe. Likizo ya Juni ya kidato cha tatu ni dhahabu. Cha tano wanaanza Julai wakiwa bado wanatafuta vitanda, ingawa wakishatulia huwa wakali kweli.

Usalama, jambo ambalo matangazo hayasemi

Wale mabinti walitaka kuotesha ukungu wa mahindi kwenye vikopo "ili tuone upi una sumu". Mtaalamu akakataa katakata. Ukungu unaotoa sumukuvu haupandwi kwenye darasa lisilo na vifaa, na kwa macho huwezi kujua upi una sumu. Kwenye ISEF, mashindano makubwa ya kimataifa ya sayansi kwa wanafunzi, kuotesha vijidudu nyumbani kumepigwa marufuku, na utafiti unaohusu watu, hata dodoso, lazima upitiwe na kamati kabla ya kuanza. Hapa nchini utafiti wa afya kwa watu una utaratibu wake wa kibali kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mlezi mzuri huuliza haya wiki ya kwanza. Ukikutana na programu ambayo mtoto anaruhusiwa kuhoji wagonjwa bila mtu kuuliza kibali, au kupima damu ya wenzake, mtoe, hata kama umelipa.

Jina la nani linatangulia

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba. Akaona mchanganyiko wa aiskrimu aliouweka kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopozwa kwanza. Akachekwa; ikaitwa fizikia ya Mpemba. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, Dkt. Denis Osborne wa Dar es Salaam alikuja kutoa mhadhara, kijana akauliza tena, wenzake wakacheka tena. Osborne aliahidi kulijaribu, akarudi chuoni, likajaribiwa. Makala ilitoka 1969 kwenye jarida la Physics Education, na jina la kwanza ni la Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo. Kilichonivutia mimi ni mpangilio wa majina.

Kwa hiyo uliza kila programu: swali la nani, na jina la nani? YST hapa inapata alama kubwa, kwa sababu jaji akimhoji mtoto na kazi ikawa ya mwalimu, inajulikana ndani ya dakika tatu. Nimeona kundi likiishiwa maneno kwenye swali la kwanza, mwalimu wao akiwa amesimama nyuma ya bango akichezesha midomo. Programu za kulipia zinatofautiana. Zipo zinazolinda swali la mtoto, zipo zinazompa mada tayari kama sare. Ahadi ya "makala yako itachapishwa" iogope. Hakuna jarida la kweli linalokubali kazi ambayo haijaandikwa. Kama lengo ni kuchapisha, lipo Journal of Emerging Investigators, lililoanzishwa na wanafunzi wa uzamivu wa Harvard kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari hasa. Kazi husomwa na watafiti na hurudishwa ikiwa na maswali. Inachukua miezi, na hakuna anayekuahidi kitu.

Mtaalamu wa jirani hakupi cheti wala jukwaa. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na ndiyo maana mimi huiunganisha njia hii na YST, au na MAKISATU kama mtoto ametengeneza kifaa. Mashindano hayo ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yalianza 2019, yamefanyika hapa hapa Dodoma, na yana kundi la shule za sekondari.

Kwa yule mama nilisema hivi. Mwanao anapenda nini? Kama ni mimea, udongo, maji, wadudu, chakula, asiende mbali. Mwalimu anayekubali kubaki, mtaalamu mmoja wa hapa, na fomu ya YST. Kama ni kompyuta na takwimu na shule haina mtu wa hivyo, ombeni ile ya mtandaoni, lakini kwa msaada wa ada, na awe na mtu mzima nyumbani anayemwonesha kazi yake kila jioni. Kama anataka cheti cha kupeleka chuo cha nje, basi sina msaada mkubwa. Wanaosoma maombi hayo wanaona vyeti vingi kuliko mimi. Na kama hajui anapenda nini, mpe daftari na apime mvua ya uani kwao kwa mwezi mmoja. Akikosa siku kumi, hela imepona.

Akaniuliza barua ya kubisha hodi inaandikwaje, na hapa nilimwambia kwa uchungu wa aliyewahi kuumia. Barua yetu ya kwanza, kwenye ofisi moja nisiyoitaja, ilikaa masjala wiki tano kwa sababu tuliiandika "kuomba ushirikiano", na hakuna aliyejua ipelekwe meza gani. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, muhuri wa shule, kwa mkuu wa kituo. Swali la utafiti liliandikwa kwa sentensi moja, tukaeleza tunachoomba ni dakika 30 mara moja kwa mwezi hadi lini, na tukasema wazi hatuombi pesa wala usafiri. Namba ya simu iwe ya mwalimu msimamizi, si ya mkuu wa shule. Peleka nakala mbili, ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Na uende mwenyewe asubuhi, siyo Ijumaa.